Ziara ya Uoto wa Serengeti kwa Wanafunzi: Tathmini ya Mwalimu

Mwezi wa Februari niliwapeleka wanafunzi wangu wa jiografia wa kidato cha sita katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kupitia kampuni moja ya utalii ya Arusha iliyotangaza ziara ya siku mbili kuhusu uoto wa savana. Nawaandikia hasa walimu wenzangu, kwa kuwa ziara nyingi zinazouzwa kwa shule huishia kwenye kuwatafuta simba.

Mwongozaji alitupandisha kilima cha Naabi kabla hajamtaja mnyama hata mmoja. Tulisimama kwenye kivuli cha migunga, ilhali uwanda mzima uliokuwa chini yetu ulikuwa nyasi fupi tupu. Wanafunzi walijibu upesi kwamba mvua haitoshi. Akawauliza: mbona mvua hiyo hiyo imeotesha miti hapa tuliposimama? Hapo ndipo alipowaeleza kuhusu majivu ya volkano yaliyopeperushwa na upepo kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, na jinsi chokaa iliyomo ndani yake ilivyoyeyushwa na maji ya mvua, ikashuka, kisha ikaganda kuwa tabaka gumu lisilopenyeka kwa mizizi ya miti, huku mizizi mifupi ya nyasi ikitosheka na udongo wa juu. Kilima chenyewe ni cha mwamba wa kale, na mizizi hujipenyeza katika nyufa zake. Majivu hayo yana madini mengi, ndiyo sababu nyumbu huja kuzalia huko nyakati za mvua. Kwa miaka yote niliyofundisha mada hii, sijawahi kuwaona wanafunzi wakiandika kwa bidii namna ile.

Njiani kuelekea Seronera, katikati ya hifadhi, alisimamisha gari kila udongo ulipobadilika, akatuonyesha nyasi zikirefuka na miti ikianza kujitokeza, kwanza kandokando ya mito.

Siku ya pili ilinisikitisha. Mada ilikuwa moto na wanyama, lakini dereva alipopata habari za chui kwa redio, asubuhi karibu yote ilipotea kwenye msururu wa magari. Karatasi tuliyopewa ilisema tu kwamba moto huua miti, ikaishia hapo. Haikutaja sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiwaua nyumbu pia, na bila sotoka huwezi kuuelewa uoto wa Serengeti wa leo. Ugonjwa huo ulipodhibitiwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni 1 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakazila nyasi ambazo zingekauka na kuwaka, mioto ikapungua, na miche ya miti iliyokuwa ikiungua kila kiangazi ikapata nafasi ya kukua. Somo hilo nililifundisha mwenyewe ndani ya basi tukirudi.

Hata hivyo naipendekeza huduma hii, kwa masharti mawili. Kubalianeni kwa maandishi kwamba ratiba haitavunjwa kwa ajili ya mnyama yeyote, na ombeni siku ya tatu ya kwenda kaskazini, ambako mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka wakati uwanda wa kusini-mashariki hupata kama 500. Tofauti hiyo wanafunzi wangu waliisikia tu, hawakuiona. Mimi nimekwisha kuomba nafasi ya mwakani, na mwongozaji yule yule.