Antibodi ya ER klonu SP1, miezi saba naitumia hapa Mtwara

Wadau wa maabara za huku kusini, nilisema nikishaitumia vya kutosha nitaandika, haya sasa. Naongelea antibodi (proteni inayonata kwenye proteni moja maalum) ya ER, klonu yaani aina ya SP1, ile inayotokana na sungura, ya kuangalia kama kansa ya titi ina vipokezi vya homoni ya estrojeni. Sisi zamani bloku (vipande vya tishu vilivyogandishwa kwenye nta) tulikuwa tunapakia zinaenda Dar, mama anatoka Newala au Tandahimba kufuata majibu anaambiwa bado, anarudi, anakuja tena, nauli juu ya nauli, wengine tukawa hatuwaoni tena. Ndo maana hiki kichupa nakiongelea kwa uchungu.

Kwanza jueni, yenyewe haipimi kansa. Kansa daktari wa patholojia keshaiona kwenye slaidi ya kawaida. Hii inaenda kushika proteni ya ER ndani ya kiini cha seli, ukimalizia na DAB, kemikali ya kutoa rangi, kiini kinakuwa cha kahawia, kama haipo kinabaki na bluu yake ya hematoksilini. Viini vya kansa vikishika kuanzia asilimia 1 inasomwa chanya, japo 1 mpaka 10 inaandikwa chanya ya chini, na huyo mama ana nafasi ya kupewa tamoksifeni, kidonge cha kumezea nyumbani, mara nyingi miaka 5. Ukiandika hasi kimakosa umemnyima dawa.

Ubora wake sina neno. Tulitoka kwenye 1D5, antibodi nyingine ya ER, ya panya, hii rangi yake imekolea zaidi na nyuma pasafi, hata seli zenye ER kidogo unaziona bila kukodoa macho. Ila bafa, yale maji ya kuchemshia slaidi kabla ya kuweka antibodi! Siku ya kwanza nikachemsha slaidi kwenye sitreti pH 6 kama nilivyozoea, kuja kuangalia kwenye hadubini uvimbe wote bluu. Kidogo niandike hasi. Nikasogeza slaidi pembeni nikakuta vimirija vya maziwa vizima, visivyo na kansa, navyo bluu tupu, na hivyo lazima viini kadhaa vishike rangi, sasa kama hata hivyo vimegoma basi kosa ni langu sio la tishu. Kesho yake nikarudia na Tris-EDTA pH 9, nyuzi 97 dakika 20, vimirija vikatoa kahawia hapa na pale na uvimbe karibu wote ukawaka. Nilikaa na ile slaidi muda mrefu sana nikimfikiria mwenyewe ambaye hata simjui sura. Tangu hapo hakuna raundi inayoenda bila kipande cha tonsili kama kontroli, yaani cha kuhakiki kipimo kimefanya kazi, na vimirija vizima naviangalia kwanza kabla ya kitu kingine.

Kilichoniudhi ni usafirishaji. Hii inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, aliyetuuzia akaipandisha basi kwenye deli, tunafungua stendi jioni barafu yote maji, hakuna hata kipimajoto ndani. Na barabara yetu mnaijua, Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya ilikatika kabisa, mzigo wa hivyo ungekwama njiani ungekuwa umeisha. Tulivyoijaribu kwenye kontroli ikakubali, lakini mzigo uliofuata tumegoma, iletwe kwa ndege na kipimajoto ndani au wabaki nayo.

Kuhusu bei, msinunue chupa kubwa. Mililita 0.1 ukiizimua 1 kwa 100 unapata mililita 10, ukiweka maikrolita 150 kila slaidi zinatoka kama 66, kwa wagonjwa wetu inatosha kabisa. Usizimue yote kwa mkupuo, zimua ya wiki tu.

Halafu ndugu zangu wa tieta huko wilayani, hii nawaomba kwa moyo wote. Titi likitumbukizwa zima kwenye ndoo bila kupasuliwa, fomalini (dawa ya kuhifadhi tishu) haifiki katikati, tishu inaoza ndani na antibodi yoyote itaonekana mbovu. Lipasuliwe, liingie fomalini ya asilimia 10 yenye bafa ndani ya saa moja, likae masaa 6 mpaka 72. Na kwenye fomu andikeni saa lilipokatwa na saa lilipoingia fomalini, hata kwa peni kwenye kona, maana nikikuta bluu tupu hiyo ndo sehemu ya kwanza naangalia.