Mise, chupa ya Dar na tyubu ya usiku

Mimba ya kwanza ilipita bila kuniachia alama. Ya pili ndiyo iliyonichana. Kufika mwezi wa nane nilikuwa na mistari ya zambarau kutoka chini ya kitovu mpaka kwenye nyonga, na inawasha hadi nikawa najikuna kwa kitana cha nywele. Mama mkwe, mtu wa Ujiji, akaja na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Wiki hiyohiyo wifi yangu akanitumia kutoka Dar mafuta maalumu ya michirizi. Shilingi 38,000! Kichupa chenyewe unakificha kiganjani.

Nikaamua hivi: kulia mise, kushoto chupa ya Dar, asubuhi na jioni, miezi mitatu. Mume wangu akacheka akasema nimekuwa maabara.

Mise ina adabu zake. Ile ya kienyeji iliyokaangwa ni nyeusi-nyeusi, inanukia moshi, na ukivaa kanga nyeupe umeiharibu. Asubuhi za Julai inagandia chupani, kwa hiyo nilikuwa naianika dirishani kwanza ndipo niimimine. Ya Dar haina shida hizo. Inanukia vizuri, inakauka haraka, hainati. Lakini miezi mitatu ilipoisha nilisimama mbele ya kioo na sikuona tofauti ya kulia na kushoto. Kote ngozi ilikuwa laini, kote muwasho umeisha, kote mistari ipo palepale. Daktari hakushangaa. Alinieleza kwamba ngozi ikivutwa kwa haraka, nyuzi za kolajeni na elastini, zile zinazoishika ngozi na kuifanya ivutike, zinakatika kwenye tabaka la chini, na mafuta kazi yake ni huku juu. Hata siagi ya kakao na mafuta ya zeituni tunayosifiana kliniki, wajawazito wameshapimwa nayo na hayakuzuia kitu.

Nilikosea mara moja tu. Muuza vipodozi mmoja aliniuzia krimu, "wiki mbili michirizi kwisha". Kwa bahati nina tabia ya kusoma maandishi madogo. Nikawasha tochi ya simu: clobetasol propionate 0.05%. Nikampelekea mfamasia, akatikisa kichwa. Hiyo ni steroidi kali ya kutibu magonjwa ya ngozi. Ukiipaka hovyo ngozi inakuwa nyembamba, na michirizi mipya inaweza kukutoka kwa sababu yake. Yaani nilitaka kununua ugonjwa kwa pesa yangu. Niliitupa chooni na elfu nane yangu ikaenda nayo.

Kilichonisogeza ni tyubu ya tretinoini 0.05%, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, kwa cheti cha daktari. Alinikatalia mpaka nimwachishe mtoto ziwa, na akaniuliza mara mbili kama sina mimba, maana dawa hii mjamzito haitumii. Unapaka kidogo sana, usiku tu. Wiki ya pili tumbo lilichubuka kama nimeungua na jua, vipande vinabanduka kwenye shuka, nikapunguza ikawa siku moja napaka, siku moja napumzika. Wanasema uchunge jua pia. Tumbo langu mimi jua halilijui. Baada ya miezi sita mistari ya nyonga, ambayo ilikuwa bado na wekundu, imefifia na kusinyaa, nikipitisha kidole siusikii tena ule mfereji. Ile ya chini ya kitovu iliyokwisha kuwa myeupe haikutikisika. Laiti ningeanza mapema ningepata zaidi, ila ziwa la mtoto kwanza.

Kuhusu sindano ndogondogo za kutobolea ngozi na mwanga wa leza, nilipiga simu kliniki moja ya Dar. Dada akanijibu vizuri tu: sindano si mara moja, unarudi kila baada ya wiki kama nne, na leza kwa ngozi nyeusi inataka mtu anayeijua kazi, la sivyo inakuachia madoa meusi. Nikajumlisha nauli ya treni Kigoma–Dar kwenda na kurudi mara nne, na mtoto mgongoni. Nikamshukuru, nikakata simu.

Chupa ya Dar nimempa mdogo wangu anapaka miguuni. Mise imebaki dirishani, na juzi mama mkwe kaijaza tena bila kuniuliza.