Cheti rahisi cha uasili, boda ya Manyovu: nyota nne kati ya tano

Kwa anayevusha mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kati ya Kigoma na Burundi, sioni huduma ya forodha yenye faida kuliko cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Ni karatasi moja, haina malipo, ofisa forodha anaigonga muhuri palepale mpakani. Inathibitisha kwamba bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, basi. Mtu akikudai hela ya fomu, huyo anakuuzia cha bure.

Nyota moja imekatwa kwa sababu ya maelezo. Ukiwasikiliza wafanyabiashara wa Kibirizi na Mwanga, wengi wanakiita "cheti cha kusamehewa kodi", na jina hilo limeshawatia watu hasara. Cheti kinafuta ushuru wa forodha peke yake. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) inabaki, ushuru wa bidhaa (excise) unabaki kwa vitu vinavyotozwa, na vibali vinabaki vyote.

Chukua mzigo unaoingia kutoka Burundi, thamani yake pamoja na bima na usafiri ni shilingi 2,000,000, na bidhaa yenyewe iko kwenye kundi la ushuru wa forodha wa asilimia 25. Bila cheti, ushuru wa forodha ni 500,000. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye milioni mbili, inapigwa kwenye milioni mbili na nusu, kwa sababu ushuru unaingizwa kwanza kwenye thamani: 450,000. Jumla 950,000. Ukiwa na cheti, ushuru ni sifuri na VAT ni 360,000. Umeokoa 590,000, lakini ukifika boda na nauli tu mfukoni, mzigo unalala. Tozo nyingine za forodha hazimo kwenye hesabu hii. Ziulize kabla, hasa baada ya Julai mosi, maana viwango hubadilika na bajeti. Mazao ambayo hayajasindikwa, kama mahindi na maharage, yana msamaha wa VAT, kwa hiyo hapo cheti kinakupeleka karibu na sifuri kabisa. Na kama hujasajiliwa VAT, hiyo 360,000 hairudi. Iingize kwenye bei ya kuuzia tangu mwanzo.

Kosa linalorudisha watu wengi ni la upande. Cheti hutolewa na nchi mzigo unakotoka. Unayeleta bidhaa Kigoma, kichukue kwa forodha ya Burundi, Mugina, kabla hujavuka. Unayepeleka Burundi, kichukue Manyovu. Ukifika Manyovu na mzigo wa Burundi mikono mitupu, ofisa wa Tanzania hawezi kukuandikia uasili wa nchi nyingine, hata akikuonea huruma.

Uasili nao usichanganywe na mahali uliponunulia. Chumvi ya Uvinza, mawese ya Kigoma, maharage ya Kasulu: hayo yana uasili wa Tanzania bila ubishi. Simu, betri za sola na mitumba kutoka maduka ya Bujumbura au Kariakoo havina uasili wa Jumuiya hata vikiwa na risiti ya mwanachama. Kitenge kinategemea kilipotengenezwa, kwa hiyo soma lebo ya pindo kabla hujalipa. Dagaa waliovuliwa upande wa Kongo wakashushwa Kibirizi hawageuki kuwa wa Kigoma kwa kuanikwa kwetu. Kongo yenyewe ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, ila kujiunga ni jambo moja na kupokea karatasi hii bandarini Kalemie au Uvira ni jambo lingine. Mpigie mnunuzi wako aulize forodha ya huko kabla boti halijapakiwa.

Fomu ijazwe kwa vipimo. "Vyakula mchanganyiko" inakaribisha ukaguzi wa gunia kwa gunia. Andika "mawese, madumu 40 ya lita 20", kisha bei ya dumu moja na jumla, na namba hizo zilingane na risiti. Kikomo cha dola 2,000 kinataka umakini zaidi kwa mzigo ulionunuliwa kwa faranga. Forodha hubadilisha fedha kwa viwango rasmi, na faranga ya Burundi imekuwa na pengo kubwa kati ya bei ya benki na ya mtaani. Mzigo unaouhesabu dola 1,200 kwa bei ya mtaani unaweza kuvuka 2,000 kwenye karatasi. Ukivuka, cheti rahisi hakifai tena: unahitaji cheti cha kawaida cha uasili na tamko kamili la forodha kupitia wakala mwenye leseni, na ada ya wakala ni gharama nyingine. Kugawanya mzigo wa mtu mmoja kwa majina ya vijana watatu si suluhisho. Ofisa anaona gari moja, muuzaji mmoja, risiti za mfululizo. Ni udanganyifu wa forodha, na mzigo unaweza kutaifishwa.

Vibali ndivyo hukwamisha waliokamilisha kila kitu kingine. Mazao yanataka cheti cha afya ya mimea, samaki na dagaa wanataka kibali cha uvuvi, bidhaa za kiwandani zinaangaliwa ubora na TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Tafuta hivyo kwanza, Kigoma mjini au wilayani, halafu ndipo upakie. Ukiwa Manyovu na kila kitu kiko sawa, lipa kwa control namba (namba ya malipo ya serikali) tu, kupitia benki au simu, na usiondoke bila stakabadhi na nakala ya cheti yenye muhuri, kwa sababu ukisimamishwa barabarani kuelekea Kigoma ndizo zitakazoulizwa.