Kombe la Dunia la wasichana: binti alenge U-17 (chini ya miaka 17) au U-20 (chini ya miaka 20)?
Swali hili halikomi katika viwanja vya mpira vya Gombani wala Mao Tse Tung, hapa Zanzibar. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, hivyo kote anapitia timu ya Tanzania.

Kwa nafasi, U-17 linashinda wazi: tangu 2025 linachezwa kila mwaka, timu 24. U-20 ni kila baada ya miaka miwili. Na njia tunaijua! Mwaka 2022 Serengeti Girls, timu ya Tanzania ya U-17, walikamilisha kufuzu hapa uwanja wa Amaan dhidi ya Kameruni, kisha kwenye Kombe lenyewe huko India wakailaza Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali.

Shule ndiyo kikwazo. Kambi inaweza kugongana na mitihani. U-20 humpa muda wa kumaliza shule.

Mwenye miaka 14 na wazee walioridhia, aanze U-17. Aliyechelewa kuanza mpira, ajipange kwa U-20.