Programu ya Michoro Itakayokuchapia Data Iliyo Ndani ya Maumbo

Kwenye programu ya kuchora michoro, umejaza kila kitu kwenye umbo la swichi (kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao): anwani ya IP, chumba ilipo, namba ya kifaa, tarehe iliponunuliwa. Ukilibofya, data yote inaonekana. Ukichapa mchoro, karatasi inatoka na kisanduku chenye jina peke yake. Printa haina kosa. Inachapa kilicho juu ya ukurasa, na data hiyo inakaa kwenye kidirisha cha pembeni. Kwa hiyo kabla ya kulipia programu yoyote, uliza jambo moja: data inafikaje kwenye ukurasa?

Kwa anayehudumia mtandao wa shule au zahanati hapa Kisumu, jibu lina uzito. Stima ikipotea, fundi husimama mbele ya kabati la nyaya na karatasi mkononi.

Ninaiweka draw.io ya kwanza, na siyo kwa sababu ni ya bure tu. Chagua umbo, bonyeza Ctrl+M, ongeza sehemu za data kama ip na chumba, kisha weka alama kwenye kisanduku cha Placeholders. Baada ya hapo andika %ip% na %chumba% ndani ya lebo ya umbo. Thamani zenyewe zinajitokeza kwenye mchoro na zinachapwa. Ukibadilisha data, lebo inabadilika nayo. Ipo ya kusakinisha kwenye Windows, macOS na Linux, kwa hiyo bando likiisha kazi haisimami. Toa PDF, itie kwenye flashi, upeleke kwenye duka la uchapishaji Oginga Odinga Street. Upungufu wake ni kwamba haikukusanyii data ya maumbo yote katika jedwali moja kwa kubofya mara moja.

Hapo ndipo Visio, programu ya michoro ya Microsoft, inapostahili pesa zake. Ripoti za maumbo, zilizo kwenye kichupo cha Review, zinaorodhesha data ya maumbo na kuitoa kwenye Excel, kwenye HTML, au kama jedwali ndani ya mchoro wenyewe. Jedwali hilo halijisasishi; endesha ripoti upya kabla ya kuchapa, la sivyo utabandika ukutani habari za mwezi jana. Michoro ya data (Data Graphics) nayo huweka thamani kando ya umbo kwa maandishi, alama au rangi. Lakini angalia leseni: Plan 1 ni ya kivinjari tu. Ukitaka programu ya kusakinisha na kuunganisha maumbo na Excel, ni Plan 2, na kompyuta iwe ya Windows. Kwa kampuni yenye vifaa mia kadhaa, ningelipa. Kwa shule yenye maabara moja ya kompyuta, hapana.

yEd ni ya tatu. Ni ya bure, inasoma Excel, inapanga maumbo yenyewe, na unaweza kuielekeza sehemu ya data igeuke lebo. Sura yake ni ya kizamani na kuizoea kunataka subira.

Lucidchart ni nzuri kwa timu inayochora pamoja, ila inategemea intaneti, na akaunti ya bure inakupa hati tatu za kuhariri.

LibreOffice Draw naipenda kwa mabango, lakini kwa kazi hii iache: umbo lina jina na maelezo tu.

Kwa ukubwa wa karatasi, A4 haitoshi mara lebo zikibeba mistari mitatu. Anza na A3. Ukihitaji A1, hakikisha duka lina mashine yake kabla ya kupanga ukurasa. Na kama maumbo yako ni ya watu, mfano muundo wa wafanyakazi wenye namba za simu na vitambulisho, chagua sehemu zitakazochapwa moja moja. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahusu hata karatasi iliyobandikwa mapokezi.