Nimempa fundi wa kuja nyumbani Subaru yangu aiandae kwa dregi ya kwanza (mbio fupi za gari mbili sambamba kwenye njia iliyonyooka), kwa dola 180 nimepata hiki

Niseme mapema, sijalipwa na mtu, hela imetoka mfukoni kwangu na fundi mwenyewe hajui kama naandika. Gari ni Subaru WRX ya 2015, injini 2.0 turbo, farasi 268 za kiwandani, gia sita za kubadili kwa mkono, na ndo hiyo hiyo inayopeleka watoto shule na kubeba gunia la mchele. Naishi Arlington, Texas. Washkaji wa kazini walikuwa wananichokonoa siku nyingi, we si una Subaru, twende Ennis tukaone kama inakimbia au ni kelele tu za eksozi. Ennis iko kusini mwa Dallas na ndo ulipo uwanja wa Texas Motorplex, huo ulijengwa 1986 na Billy Meyer ambaye alikuwa dereva wa dregi, na robo maili nzima wakamwaga zege badala ya lami. Siku za magari ya mtaani unalipa, unakaguliwa, unakimbia mita 402 halafu unapewa karatasi yenye muda wako, basi.

Sasa kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata ya kumjua huyu fundi. Nilienda gereji moja kubwa tu yenye taa nzuri na kahawa ya bure (silitaji jina), nikawaambia naenda dregi mara ya kwanza, wakaniuzia ea klina ya spoti na bomba lake dola 400 na wakaifunga palepale. Sauti tamu aisee, turbo inapiga mluzi unasikika mpaka kwa jirani, nikajiona mtu kweli. Baada ya siku tatu taa ya injini ikawaka na gari ikawa inajikwaa ukikanyaga mafuta nusu. Nikawapigia, wakasema nilete tena wanichaji kuipima. Nikajua nimeingizwa mjini.

Ndo mshkaji mmoja akanielekeza kwa huyu fundi, Mtanzania, mtu wa Tanga, umri umeenda kidogo, anazunguka na pikapu yake iliyojaa spana na anakufuata nyumbani kwako. Miadi ilikuwa saa tatu asubuhi akafika saa tano na nusu, hakuna simu hakuna meseji, hilo nalihesabu na nitalirudia. Kashuka, kasalimia, kaizunguka gari mara moja mikono nyuma, halafu akafungua buti. Kimya. Halafu: "Mdogo wangu, wewe unaenda kukimbia au unahama nyumba?" Mle ndani kulikuwa na kigari cha kumsukumia mtoto, gunia la mkaa, boksi la kuhifadhia baridi, viti viwili vya kukunja, maboksi ya sabuni, na chini ya zulia spea tairi na jeki. Vyote vikatoka, na sio kwa ajili ya uzito tu, kitu kilicholegea ukishika breki ukiwa na spidi kinakufuata mbele, na wakaguzi wakikikuta hawakuruhusu.

Kisha boneti. Hapa ndo nilipoelewa hela yangu inaenda wapi. Akashika betri kwa mkono mmoja akaivuta, betri ikacheza, ikagonga chuma, tak. Nati moja ya kishikilio haikuwepo kabisa na nyingine imeshikwa na uzi mbili tatu. Betri niliibadilisha miezi mingi nyuma na nimeendesha hivyo siku zote mpaka Houston na kurudi. Akaniambia uwanjani wakaguzi wengi hufanya hivyo hivyo, wanaishika betri na kuitikisa, ikicheza unarudi nyumbani na hela ya kiingilio imeliwa. Nati katoa kwenye kopo lake la maziwa, hajanichaji.

Halafu akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akarudisha, akachomoa tena na kukiinamisha kwenye jua tukakitazama wote wawili. Oili ilikuwa chini ya alama ya chini, sio karibu nayo, chini. Gari haina tone linalovuja. Kumbe injini hizi za turbo nyingine hula oili kidogo kidogo na mimi nilikuwa nasubiri taa iniambie. Sasa fikiria ningeipeleka hivyo na kuikandamiza mpaka resi ya mwisho.

Ile ea klina ya dola 400 akaing'oa akarudisha ya kiwandani (bahati nilikuwa nimeitunza kwenye boksi). Maelezo yake yalikuwa mafupi, kwenye hii gari kuna sensa inayopima hewa inayoingia, ukibadilisha bomba ilipokaa hiyo sensa vipimo vyake vinadanganya, kompyuta inamwaga petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, na turbo ikipata hewa nyingi na petroli kidogo injini inaunguza pistoni. Ukitaka kufunga hiyo lazima kompyuta ipangwe upya. Gereji yenye kahawa haikunipa hata sentensi moja ya hayo. Taa ya injini akaifuta na mpaka leo haijarudi.

Mengine alifanya haraka haraka, nati za magurudumu kwa spana ya kupimia, Nm 120 kila moja, pedi za breki, mipira ya rejeta, upepo wa tairi. Kwenye upepo alikuwa mkali, alikataa nisipunguze sana kama wanavyofanya watu kwenye video, alisema hizo zao ni tairi za dregi, zako za barabarani ukizilegeza zitakuyumbisha mwisho wa mbio ukiwa zaidi ya maili 90 kwa saa. Petroli akasema niweke ya oktani 93, na tangi lisijae. Na klachi ndo alinisomea kama mtoto: gari ya kuvuta tairi zote nne haitelezi kirahisi, kwa hiyo ukiiachia klachi ghafla ukiwa na resi 5,000 (mizunguko ya injini kwa dakika) nguvu yote inaishia kwenye giaboksi, na giaboksi ya Subaru sio ya mchezo kwa bei. Mbio ya kwanza toka na 2,500, iachie taratibu, usitafute sifa.

Uwanjani sasa. Foleni ndefu, Mustang, Camaro, pikapu za dizeli, dada mmoja na Honda Civic yake iliyochakaa ambaye alinipita mbaya sana baadaye. Ukaguzi, betri ikavutwa, ikakaa kama imechomelewa, nikacheka mwenyewe. Mkaguzi akatazama chini akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa kobazi. Kobazi na bukta, Texas na joto lile we ulitaka nivae nini. Bwana, ni marufuku, suruali ndefu na viatu vya kufunika vidole, hamna mjadala. Nimekagua gari nzima mpaka nati halafu nakwama kwa kobazi! Suruali ya kazini nilikuwa nayo kwenye begi, viatu nikaazima kwa mzee mmoja mtazamaji, saizi kubwa kuliko yangu, nikavivaa na soksi zake pia, sitaki kusema zaidi. Hili fundi hakuniambia na ndo alitakiwa kuniambia.

Wala hakuniambia habari ya maji. Kabla ya mstari kuna sehemu imemwagwa maji, wenye tairi laini za dregi wanasugulia pale tairi zipate moto. Mwenye tairi za kawaida unatakiwa uzunguke pembeni, maana ile mifereji ya tairi inabeba maji mpaka kwenye mstari. Mimi nikapita katikati kama naosha gari, yule jamaa wa mstarini akanipungia mikono mpaka kofia ikadondoka. AC nilikuwa nimezima angalau, nayo inadondosha maji na hawaipendi.

Taa za kuanzia zinaitwa mti wa krismasi. Unasogea polepole mpaka vitaa viwili vidogo vya juu viwake, halafu njano tatu zinashuka moja moja kwa nusu sekunde, halafu kijani, ukitoka mapema ni nyekundu. Mimi nilisubiri kijani kama niko Ubungo mataa, nikatoka nduki sekunde 1.1 baadaye. Ila muda wa gari hauhesabiwi toka kijani, unahesabiwa gari ikitoka kwenye mwanga wa kuanzia, kwa hiyo unaweza ukalala pale na karatasi yako ikawa nzuri bado, unachopoteza ni mbio dhidi ya jirani.

Karatasi ya kwanza: futi 60 za mwanzo sekunde 2.31, jumla 15.02, spidi ya mwisho maili 93 kwa saa. Ya pili nilitoka na resi 3,000 nikapata 14.61. Ya tatu futi 60 zikawa 2.04 na jumla 14.28, maili 96, gari ile ile, oili ile ile, kilichobadilika ni mguu wa kushoto tu. Nikanusa klachi inaungua kidogo nikaamua yatosha. Na ni vizuri maana ukishuka mpaka sekunde 13.99 sheria za NHRA (chama cha mbio za dregi Marekani) zinataka helmeti na mimi sina, nilikuwa namkodolea macho jamaa mmoja anauza yenye stika ya usalama ya Snell SA, zile za gari ambazo ndani haziungui kirahisi, nikajizuia. Nikarudi Arlington na gari ileile, Jumatatu watoto shule.

Kwa hiyo huduma nampa nyota ngapi. Kazi ya mikono tano bila kubisha, bei halali kabisa ukilinganisha na dola 400 za mluzi. Kuchelewa saa mbili na nusu ningemsamehe, Watanzania tunajuana. Nampa nne. Ile moja nimeitoa kwa ajili ya kobazi.