Merlin darasani: programu inayouliza kabla ya kujibu

Nafundisha Gredi ya 5 hapa Kisumu, upande wa kuelekea Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria wenye bwawa la mafunjo, na kati ya vitu vyote vya mtandaoni nilivyojaribu katika somo la wanyama na mazingira, Merlin ndiyo iliyobaki kwenye simu yangu. Ni programu ya bure ya kutambua ndege, kazi ya Cornell Lab of Ornithology ya Marekani, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2014. Walimu wenzangu wananiuliza kama inafaa. Inafaa, tena sana, ila si kwa kila kitu.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba haikupi jina hivi hivi. Ukiona ndege usiyemjua inakuuliza: umemwona wapi, siku gani, ana ukubwa gani, rangi zake kuu ni zipi, na alikuwa akifanya nini. Alikuwa chini ardhini? Juu ya mti? Anaogelea? Ukishajibu ndipo inakuletea orodha ya ndege wanaoweza kuwa huyo, ikianza na wale wanaoonekana zaidi sehemu hiyo kwa majira hayo. Orodha hutokana na kumbukumbu ambazo watazamaji wa ndege duniani kote huzipeleka eBird, mradi mwingine wa Cornell. Mtoto hawezi kujibu maswali hayo bila kutazama kwa makini, na kutazama ndicho kitu kigumu kuliko vyote kufundisha. Watoto wangu wengi waliweza kunieleza habari za dubu wa barafuni walizoziona kwenye runinga, lakini ndege wa pale getini walikuwa "wale wa manjano" tu.

Hao wa manjano ni kwera. Mti wa karibu na geti umejaa viota vyao na kelele zao tunazisikia hadi darasani. Tulipoiuliza Merlin ilituletea wawili wanaofanana kabisa kwa mtu mwenye haraka: Village Weaver na Black-headed Weaver, wote wa manjano, wote wenye kichwa cheusi. Nikakataa kuwaambia ni yupi. Nikawarudisha chini ya mti wakiwa na picha zote mbili kwenye simu, nikakaa kando.

Mabishano yakawa makali. Mmoja akashika habari ya mgongo: huyu ana mabaka meusi na manjano, yule wa kwenye picha ya pili mgongo wake hauna mabaka. Mwingine akasema ni kivuli cha majani. Kisha msichana mmoja ambaye huwa hafungui mdomo darasani akapaaza sauti: "Mwalimu, jicho lake ni jekundu!" Yule wa pili ana jicho jeusi. Kesi ikaisha hapo, ni Village Weaver. Kufikia hapo hakuna aliyetaka kuondoka, kwa sababu walikuwa wameanza kuona mambo mengine: dume akichana ukanda mrefu wa jani na kuruka nao, dume akining'inia kichwa chini huku akipigapiga mabawa jike anapokaribia. Nikawaeleza kwamba jike huja kukikagua kiota, na dume asipompata wa kukikubali hukibomoa mwenyewe na kuanza upya. Wavulana walilipokea jambo hilo kwa uzito mkubwa.

Ufukweni Dunga programu hii inazidi kung'aa. Mdiria, ndege mvuvi wa rangi nyeusi na nyeupe, yuko kwenye kila mtumbwi uliofungwa. Huelea hewani mahali pamoja akipiga mabawa, macho chini, kisha hujitupa majini. Picha za Merlin zinaonyesha vizuri tofauti ya dume na jike: dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja, tena uliokatika katikati. Baada ya kuona picha hizo watoto walikuwa wakiita "dume!" "jike!" kabla hata mimi sijamwona ndege mwenyewe.

Na kuna Papyrus Gonolek, ndege wa kwenye mafunjo: mgongo mweusi, tumbo jekundu, utosi wa manjano, mstari mweupe bawani. Kumwona ni bahati, kumsikia si kazi, kwa kuwa dume na jike huitikiana ndani ya mafunjo. Kila ndege ndani ya Merlin ana ukurasa wenye picha na ramani, na wengi wana sauti zilizorekodiwa, kwa hiyo tulisikiliza darasani kwanza, ndipo tukaenda kutega masikio bwawani. Ndege huyu anategemea mafunjo, na mafunjo ya Dunga hukatwa kwa ajili ya mikeka na vikapu, mengine huchomwa. Mtoto ambaye nyanya yake husuka mikeka aliuliza ndege ataenda wapi mafunjo yakiisha. Mwenzake akamjibu kwamba mafunjo huota tena yakikatwa kwa zamu na kuachwa yapumzike. Sikuwa nimepanga kufundisha hilo siku ile, lakini ndilo lililochukua kipindi kizima, nami nikaliacha lichukue.

Ombi moja kwa mwalimu yeyote: sauti zile zichezwe darasani, si chini ya mti. Ndege akisikia mlio wa mwenzake hudhani ameingiliwa makao yake, anaacha kiota na kuja kupigana na mtu asiyekuwepo. Msimu wa kutaga hilo ni dhuluma.

Sasa kasoro. Maelezo niliyoyapata yote ni ya Kiingereza, na ni Kiingereza cha watu wazima, hivyo ninasoma mimi na kueleza kwa Kiswahili. Kifurushi cha ndege wa sehemu yetu ni kizito. Kipakue penye waifai, usimalize bando lako la wiki. Uzuri ni kwamba kikishaingia, maswali na kurasa za ndege hufanya kazi bila intaneti, na pale bwawani hilo lina thamani kubwa. Kutambua kwa picha kunahitaji picha ya karibu, na simu ya kawaida haimvuti ndege aliye juu ya mti. Sehemu inayosikiliza mlio na kumtaja ndege siitegemei kwenye uwanja wa shule wakati wa mapumziko, kelele ni nyingi mno.

Kisha kuna suala la simu moja na darasa lenye watoto zaidi ya hamsini. Ninawagawa vikundi, na sheria ni kwamba hakuna kikundi kinachoshika simu kabla ya kumchora ndege wao na kuandika rangi na ukubwa. Mbaya au nzuri, mchoro uwepo. Kwa ukubwa tunatumia ndege wanaowajua wote: mdogo kama shomoro, au mkubwa kuliko kunguru?

Kwa kuwa Merlin ni ya ndege tu, kwa vipepeo, panzi na mimea ninatumia Seek, programu ya watu wa iNaturalist, mtandao ambao watu huweka kumbukumbu za viumbe walivyoviona. Hiyo unaelekeza kamera na inashuka ngazi kwa ngazi, kutoka mmea au mnyama hadi spishi yenyewe, na haihitaji mtoto kujiandikisha, jambo linalonipa amani. iNaturalist yenyewe, mtoto wa chini ya miaka 13 hafungui akaunti bila idhini ya mzazi, kwa hiyo haifai Gredi ya 5. Lakini Seek inajibu upesi mno. Watoto wanaelekeza, wanasoma jina, wanakimbilia jani jingine, na ukiwauliza dakika tano baadaye lile jani lilikuwa na umbo gani, kimya. Ninaitumia baada ya Merlin, wakishazoea kutazama, na hata hapo ninawadai mchoro.

Mwalimu wa Nakuru au Kakamega anaweza kuanza kesho. Pakua kifurushi mwishoni mwa wiki, jaza chaji, na uchague ndege mmoja wa kawaida aliye ndani ya ua wa shule. Ukipata darubini ya kuazima, mpe kwanza mtoto anayekaa nyuma.